Sahihi Ilitoka Nairobi

Nyeri ya mwaka wa 1985 ilikuwa mji wa ofisi. Makao makuu ya Mkoa wa Kati yalikuwa pale, kwa hiyo kila wizara ilikuwa na kibao chake, karani wake na foleni yake. Ukitoka kwa watu wa Ujenzi ukapitia kwa watu wa Maji, kisha ukapanda kwa watu wa Ardhi kutafuta ramani, asubuhi imekwisha na wakubwa wote wameenda chai. Sisi hatukuwa serikali. Tulikuwa tumepanga vyumba vitatu ghorofani, juu ya duka la vitambaa, tawi la kampuni ya wahandisi washauri yenye makao yake Nairobi. Chini zililia cherehani, juu ilinuka amonia.

Amonia ilitoka kwenye mashine ya nakala. Wakati ule mchoro ulichorwa kwa wino juu ya karatasi angavu, ukalazwa juu ya karatasi nyingine iliyopakwa dawa, ukapitishwa kwenye taa kali, kisha karatasi ile ya dawa ikapitishwa kwenye mvuke, ikatoka upande wa pili na mistari ya buluu na harufu ya kutoa machozi. Mashine ilikaa karibu na dirisha, na dirisha halikufungwa hata mwezi wa Julai, ukungu unapoushukia mji na kukataa kuondoka hadi saa sita. Tulichora tumevaa makoti. Kosa la wino lilikwanguliwa kwa wembe, polepole, maana ukizidisha karatasi inatoboka, na karatasi yenyewe ilitoka ng'ambo na kuhesabiwa moja moja.

Mimi nilikuwa nimemaliza Taasisi ya Teknolojia ya Kimathi, KIT kama tulivyoiita, chuo cha harambee kilichoanzishwa mwaka wa 1972 na ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Nilijua kuchora nyumba. Kuchora mlima nilifundishwa pale juu ya duka la vitambaa, na walionifundisha hawakuwa watu wa Nyeri wala wa Kenya.

Mmoja alikuwa Mganda wa Kigezi, mtu mrefu mwenye sweta la mikono mirefu, tuliyemwita Injinia bila jina, kwa kuwa katika tawi letu hakukuwa na mwingine. Wa pili alikuwa Mchaga wa Rombo, mpima ardhi, ambaye kila mtu alimwita Mzee ingawa hakuwa amefika miaka hamsini. Wote wawili walikuwa mabaki ya ushirikiano ambao magazeti yalikuwa yameshauzika.

Injinia alisoma Nairobi. Katika miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilikuwa kimoja chenye vyuo vitatu, na masomo yaligawanywa: ukitaka udaktari ulienda Makerere, sheria Dar es Salaam, uhandisi Nairobi. Kwa hiyo wavulana wa Kabale, Moshi na Nyeri walilala bweni moja, wakanakiliana daftari na kuogopa mitihani ile ile. Chuo hicho kiligawanyika mwaka wa 1970. Makerere ikaanza kufundisha uhandisi mwaka huo huo, Dar es Salaam ikafuata 1973, na tangu hapo kila nchi ikawa na wahandisi wake na vyama vyake. Hata chama cha wahandisi cha Afrika Mashariki, kilichokuwapo tangu 1945, kilisambaratika; Wakenya wakaunda chao 1972.

Alirudi kwao akatumikia serikali hadi 1977, mwaka ambao Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa na wasomi wengi wakaamua kutongoja zamu yao. Wakenya wa rika langu wanawakumbuka Waganda hao kama walimu wa hesabu na fizikia katika shule zetu za sekondari. Wa kwetu aliangukia kwenye mabomba.

Mzee naye alikuwa mtu wa reli. Aliajiriwa akiwa kijana na Shirika la Reli la Afrika Mashariki, akabeba stafu, ile fimbo ndefu ya kupimia, akapanda hadi kuwa mpimaji. Mwaka huo huo wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Tanzania ikafunga mpaka. Mke wake alikuwa Mkikuyu wa Karatina, watoto walikuwa shuleni, akabaki. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983, na Rombo iko ubavuni mwa mpaka: mama yake alikuwa akiiona Kenya kutoka shambani kwake, na mwanawe hakuwa na njia halali ya kwenda kumsalimu. Mpatanishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, alitumia miaka kuwagawia wenye Jumuiya mali yao, na Mzee alisoma kila mstari wa habari hizo. "Wameshagawana meli na mabehewa," alituambia siku moja akikunja gazeti. "Ila mimi sijui niko kwenye hesabu ya nani."

Ili uelewe kazi yetu, lazima uelewe ardhi ya huku. Kutoka msitu wa Nyandarua migongo inashuka bega kwa bega, na kati ya mgongo na mgongo kuna mto uliojichimbia bonde la ghafla: Chania, Gura, na vijito visivyokuwa na jina kwenye ramani. Barabara hupita juu ya mgongo, kwa sababu maji ya mvua yanajiendea pande zote mbili bila kuombwa. Shida huanza unapotaka kuvuka. Shule unaiona ng'ambo, kengele yake unaisikia, lakini kwa gari itakubidi ushuke hadi barabara kuu na kupanda upya. Upande wa pili, kwenye Mlima Kenya wenyewe, mambo ni afadhali hadi ufike Kieni, ambako mvua hukatika na watu wanaitazama theluji wakiwa na ndoo tupu.

Juu ya migongo hiyo kuna chai, na chai haingoji. Majani yaliyochumwa asubuhi yanatakiwa kiwandani siku hiyo hiyo. Kiwanda cha Ragati kilijengwa mwaka wa 1957, cha kwanza nchini kwa wakulima wadogo, na mamlaka ya ustawi wa chai, KTDA, ilipoanzishwa 1964 chai ikaenea mlimani mzima, na nyuma ya chai zikafuata barabara. Si za lami; ni murramu, mitaro na makaravati, basi. Udongo wetu mwekundu ukiwa mkavu unabeba lori, ukilowa hauna rafiki. Tangu 1974 serikali ilikuwa na mpango wa barabara za vijijini uliotumia jembe, sepeto na toroli badala ya tingatinga, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na wafadhili kadhaa. Mfanyakazi alipewa kipande chake asubuhi, akikimaliza saa tano anaenda zake kuchuma chai. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 njia za kilomita zipatazo elfu nane zilikuwa zimejengwa nchini kwa mtindo huo, na nyapara yeyote aliyepitia mpango ule tulimchukua bila kumhoji. Baadaye chuo cha Kisii kilifundisha mbinu hizo kwa wahandisi kutoka nchi nyingi za Afrika. Mara nyingi husemwa kwamba ujuzi huja kwetu kwa ndege. Huo ulitoka kwetu, na baadhi ya wanafunzi walikuja kwa basi.

Lakini kilichotulisha sisi kilikuwa maji. Mpango mkuu wa maji wa taifa wa mwaka 1974 ulikuwa umeahidi maji safi karibu na kila nyumba ifikapo mwaka 2000, na Umoja wa Mataifa ukaongeza muongo wake wa maji, 1981 hadi 1990. Kila kijiji kikaunda kamati. Kamati ilichanga, ikafungua akaunti benki, ikachagua mwenyekiti, mwandishi na mweka hazina, halafu ikaja kwetu juu ya duka la vitambaa na kuketi kwenye benchi.

Mradi ninaoukumbuka zaidi ulikuwa upande wa Othaya. Chanzo kilikuwa kijito ndani ya msitu, na maji yalitakiwa kushuka yenyewe, bila pampu, hadi migongo mitatu ya chini. Kamati ilikuwa na matumaini makubwa, kwa kuwa mbunge wao, Mwai Kibaki, alikuwa Makamu wa Rais. Injinia aliwasikiliza, kisha akawaambia kwamba bomba halijui siasa, linajua kimo. Alisema kwa Kiingereza. Kiswahili alikuwa anakiogopa; kwao kilikuwa lugha ya wanajeshi, na aliyekisikia usiku mlangoni hakukisahau. Mzee ndiye aliyetafsiri, kwa Kiswahili cha Tanzania kilichowafanya wazee wa kamati wamwite Mwalimu, na mwenyekiti akarudia yote kwa Kikuyu kwa manufaa ya akina mama waliokaa nyuma, ambao ndio waliokuwa wakibeba ndoo.

Tulipima kwa majuma. Leveli, darubini ya kupimia kimo, ilisimamishwa juu ya miguu mitatu, mimi nikashika stafu kwenye matope huku Mzee akisoma na kuandika katika kitabu kidogo chenye jalada gumu. Nyuma, mbele, panda, shuka. Jioni tulirudi kwenye kigingi cha asubuhi kwa njia nyingine, na hapo ndipo leveli husema ukweli: kimo ulichoanza nacho na kimo unachomaliza nacho lazima vilingane, au karibu. Visipolingana, kesho mnarudia. Hakuna mtu niliyemwona akirudia kazi kwa utulivu kama yule. Aliwasha sigara, akafuta ukurasa kwa mstari mmoja wa rula, akaandika tarehe ya kesho.

Ugomvi ulizuka tulipofika kwenye bonde. Bomba lilitakiwa kutoka mgongo wa kwanza hadi wa pili, na kati yao palikuwa na shimo la mita themanini hivi kwenda chini. Injinia alitaka kushuka moja kwa moja hadi mtoni na kupanda upande wa pili. Maji yatapanda yenyewe ilimradi mwanzo uwe juu kuliko mwisho. Kila mita kumi za kushuka zinaongeza karibu baa moja ya shinikizo, kwa hiyo chini kabisa unaweka bomba la chuma badala ya plastiki, unaweka valvu ya kutolea mchanga, na umemaliza. Mzee hakutaka hata kusikia. Kwao Kilimanjaro maji yamepelekwa mashambani kwa mifongo tangu kabla ya Wajerumani, mifereji inayofuata kiuno cha mlima kwa mteremko mdogo sana, na hakuna babu wa Kichaga aliyewahi kuyalazimisha maji yapande. Alitaka bomba lizunguke bonde lote kwa juu, karibu na msitu, bila shinikizo kubwa popote.

Walibishana jioni nzima juu ya meza ya michoro, mmoja na kikokotoo, mwingine na penseli. Injinia alisema urefu wa bomba la Mzee ungemaliza fedha za kamati. Mzee akasema bomba la Injinia likipasuka chini bondeni nani atashuka usiku kulifunga, yeye? "Sebo, hiyo si hesabu," Injinia alilalama. "Ndiyo hesabu yenyewe," Mzee akajibu. Mwishowe waligawana: sehemu ya juu ikafuata kiuno cha mlima kadiri fedha zilivyoruhusu, na bonde la mwisho likavukwa kwa kushuka na kupanda. Nilichora michoro yote miwili kisha wa tatu, na wembe ukaisha makali.

Halafu ikabidi mchoro utiwe sahihi.

Hapa ndipo nilipoanza kuelewa biashara ya ushauri ilivyo. Injinia ndiye aliyebuni, aliyepiga hesabu na aliyelala katika nyumba ya mwenyekiti mvua zilipokata barabara. Lakini karatasi zake za usajili zilibaki Kampala pamoja na mambo mengine mengi, na kwa sheria ya Kenya hakuwa mhandisi wa kutia sahihi. Michoro ilifungwa, ikawekwa kwenye Peugeot ya asubuhi, ikarudi baada ya siku chache na muhuri na jina la mmoja wa wakuu wa kampuni Nairobi. Mkuu huyo hakuwahi kuliona bonde lile. Kilichonishangaza ni nilichokuja kuambiwa baadaye: yeye na Injinia walisoma darasa moja na kulala chumba kimoja bwenini, na katika mtihani wa nguvu za maji ni Mganda aliyempita mwenzake. Sahihi ile basi haikuwa ya uongo kabisa. Ilitiwa na mtu aliyejua uwezo wa mwenzake kuliko ambavyo bodi yoyote ingejua. Ila malipo yalifuata sahihi.

Miradi iliyokuwa na fedha za nje ilikuwa na ngazi nyingine juu ya hiyo. Fedha zikitoka nchi fulani, mshauri naye alitoka nchi hiyo, na kampuni yetu iliandikwa kwenye pendekezo kama mshirika wa humu nchini kwa sababu wafadhili walikuwa wameanza kuuliza. Ushirika wenyewe ulikuwa hivi: sisi tulipima, tukahesabu nyumba, tukachimba mashimo ya kuchunguza udongo, tukapeleka takwimu, miezi ikapita, ripoti ikarudi na jalada zuri. Mara nyingine makosa yetu ya tahajia yalikuwa yamesahihishwa. Sisemi wageni wote walikuwa hivyo. Wajerumani waliokuja Nyeri mwishoni mwa miaka ya 1980 kupitia GTZ, shirika la misaada ya kiufundi la nchi yao, walikaa na watu wa maji wa manispaa hadi wakajua nani analipa na nani anaiba, na kutokana na kazi ile ikazaliwa kampuni ya maji ya mji, iliyoandikishwa 1997, ambayo kwa miaka mingi mdhibiti wa huduma za maji ameitaja miongoni mwa bora nchini.

Siku moja mgeni mmoja wa barabara alitueleza, kwa subira nyingi, kwamba kuna fomula zinazoonyesha barabara ya murramu huharibika kwa kasi gani na gari hula mafuta na matairi kiasi gani juu yake. Injinia alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwuliza kama anajua takwimu hizo zilitoka wapi. Zilitoka Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 maabara ya barabara ya Uingereza na Benki ya Dunia walipima barabara zetu na magari yetu, na vipimo hivyo vikawa sehemu ya msingi wa modeli ambayo Benki ya Dunia iliisambaza duniani kote. Mgeni alicheka, akakubali, akanywa chai yake. Tangu siku hiyo alikuwa rafiki yetu, na jina la Injinia likaandikwa katika ripoti ile, ukurasa wa shukrani.

Kuna jambo moja katika ugeni wa Injinia na Mzee ambalo halikuandikwa kwenye ripoti yoyote. Bomba lolote la mlimani lina siasa ya mgongo: nani atapata bomba la kwanza, tangi litakaa shambani kwa nani, nani atakatiwa migomba. Mhandisi wa Othaya angeambiwa anapendelea Othaya, na wa Tetu angeambiwa Watetu wamemtuma. Mikataba tuliyotumia ilitoka FIDIC, shirikisho la wahandisi washauri lililoanzishwa mwaka wa 1913 mjini Ghent, Ubelgiji. Kitabu chake chekundu, toleo la 1977, kilikaa kwenye rafu yetu kikiwa kimefungwa kwa karatasi ya gazeti. Kitabu kile kilimtaka mhandisi, ingawa analipwa na mwenye mradi, aamue kwa haki kati ya mwenye mradi huyo na mkandarasi. Injinia alipowaeleza wazee hilo nilidhani watacheka. Hawakucheka. Walisema ni kama mzee anayeitwa kutoka mgongo wa mbali kuamua mpaka wa shamba, kwa sababu hapa hana binamu. Na ndivyo walivyomtumia. Mkandarasi alipodai malipo ya mwamba ambao haukuwapo, Injinia alishuka mtaroni, akaugonga kwa nyundo, akapanda akasema ni udongo mgumu, si mwamba, na kamati ikakubali. Wiki iliyofuata akasema kipande kingine ni mwamba kweli, na kamati ikakubali pia, ingawa safari hii walilipa.

Mwaka wa 1986 Museveni alichukua Kampala. Injinia hakukimbilia kurudi. Alingoja hadi mwisho wa mwaka, akipima habari. Alipoondoka alibeba sanduku la bati lililojaa nakala za miongozo: mwongozo wa kubuni barabara wa Kenya wa mwaka 1979, jedwali za mabomba, na daftari zetu za mikataba. Zana zake za kwanza katika kampuni aliyoianzisha Kampala zilikuwa hizo. Mwongozo wa lami na udongo wa 1987 ulipotoka, nilimpelekea.

Hapo ukaanza ushirikiano ambao haukuwa na mkataba wowote. Yeye alipata kazi za milima ya kwao, Kabale na Kisoro, miteremko ile ile, na hakuwa na wachoraji. Mimi nilikuwa na meza. Alituma vipimo, nikachora usiku, nikaviringisha michoro ndani ya bomba la plastiki lililozibwa ncha zote mbili na kumkabidhi dereva wa basi la Akamba la kwenda Kampala. Bomba moja lilizuiwa mpakani. Afisa alilifungua, akatandaza karatasi, akataka kujua thamani yake ili aikadirie ushuru. Dereva akanipigia simu kutoka dukani. Nilikwama. Nikisema ni ghali, tutalipa. Nikisema hazina thamani, kwa nini zinasafiri? Nilimwambia amweleze afisa kuwa ni picha za mabomba. Afisa akajibu kwamba picha za sanaa zina kiwango chake. Michoro ilikaa pale hadi Injinia alipofika mwenyewe kutoka Kampala, na sikuambiwa waliongea nini.

Miaka ya 1990 kampuni nyingi za Nairobi zilifuata njia hiyo hiyo kwa kishindo zaidi, Uganda kwanza, kisha Rwanda baada ya 1994, na Sudan Kusini baada ya mkataba wa amani wa 2005. Mkataba mpya wa Jumuiya ulitiwa sahihi Arusha mwaka wa 1999 na kuanza kutumika 2000. Soko la pamoja lilianza Julai 2010. Mwaka wa 2012 ndipo bodi za wahandisi za Kenya, Uganda na Tanzania zilipokubaliana kutambuana, ili mhandisi aliyesajiliwa nchi moja asajiliwe nyingine bila kuanza upya. Nilisoma habari ile kwa makini, nikatafuta mahali panaposema kuhusu waliokwisha kustaafu.

Sina hakika kwamba karatasi ile imebadilisha mengi kwa kampuni ndogo za mlimani. Kutambuliwa ni jambo moja, kupewa kazi ni lingine. Kibali cha kufanya kazi kina ofisi yake, zabuni zina masharti ya mapato ambayo ofisi ya vyumba vitatu haiwezi kuyafikia, na barabara kubwa zinazopita hapa kwetu zinajengwa na wakandarasi waliotoka mbali kuliko Kampala. Barabara ya njia mbilimbili kutoka Kenol hadi Marua, kilomita 84, iliyoanza 2020 kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, imeajiri vijana wengi wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi wenye vifaa vya kupima kwa setilaiti. Nimewaona wakisimamisha fimbo moja na kupata kimo kwa sekunde. Nikawauliza jioni wanarudi kufunga kimo kwenye kigingi gani. Hawakuelewa swali, na hawakuwa na sababu ya kulielewa. Kati ya waliokuwa nao, mmoja alikuwa Mtanzania aliyesomea Dar es Salaam, mwenye muhuri wake mwenyewe mfukoni, na hakuna aliyemwona kuwa jambo la ajabu. Hilo nililipenda.

Mzee alirudi Rombo alipostaafu, na mama wa Karatina akaenda naye. Nilimtembelea baada ya barabara ya Athi River hadi Arusha kufunguliwa mwaka wa 2012, mradi wa Jumuiya nzima uliovuka mpaka pale Namanga. Njia fupi ya kwenda kwake ni Loitokitok na Tarakea, lakini nilitaka kuiona barabara ile, na mtu wa kazi yangu hatazami mandhari, anatazama mitaro. Mitaro ilikuwa sawa.

Mzee hakuuliza habari za watoto wangu kwanza. Aliuliza kuhusu bomba la Othaya. Nikamwambia ukweli: mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilibomoa kiuno cha mlima na kuondoka na kipande chake cha juu, chote. Akanyamaza. Nikaongeza kwamba bondeni valvu ya Injinia iliibwa, ikauzwa kama chuma chakavu, na maji yakamwagika mtoni kwa wiki mbili kabla mtu hajashuka kuangalia. Akasimama kabisa. "Nilisema nani atashuka!" Akaniambia nimpigie Injinia pale pale, niweke sauti ya wazi.

Injinia alipokea akiwa Kabale. Alisema wizi si hesabu, na kwamba valvu ilikuwa imekaa miaka kumi bila kuvuja tone, wakati kiuno cha mtu fulani kilianguka chenyewe. Mzee akasema mvua ile ilikuwa ya Mungu. Injinia akauliza kwa nini Mungu hakuligusa bonde. Waliendelea kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili cha Injinia, ambacho sasa kilikuwa kinatiririka, na mama wa Karatina akatuletea mbege na ndizi akiuliza kwa Kikuyu ni nani huyo anayepigiwa kelele. Walikuwa wamefika kwenye bei ya bomba la chuma ya mwaka 1985 salio langu lilipokwisha.